Jinsi ya kuchunguza nadharia za chanzo cha ukatili

Wengi wanaoanza utafiti huu hukusanya nadharia kwanza: silika, homoni, malezi, umaskini, filamu. Wiki moja baadaye wana orodha ndefu isiyojibu swali lolote. Nimesimamia kazi nyingi za aina hii, na siku hizi simruhusu mtu kugusa nadharia kabla hajamaliza hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Taja tendo

Maneno yetu yana mitego. Mtoto anayemfinya mwenzake tunamwita mchokozi, lakini wanasaikolojia huita uchokozi tendo lolote linalokusudiwa kumuumiza mtu asiyetaka kuumizwa. Vurugu hutuletea picha ya kundi. Ukatili nao, katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2002, unajumuisha hata vitisho na matumizi mabaya ya mamlaka. Johan Galtung, mtafiti wa amani kutoka Norway, alikwenda mbali zaidi mwaka 1969: kwake, hata mfumo unaowanyima watu mahitaji yao ni ukatili.

Kwa hiyo andika sentensi moja: nani anamfanyia nani nini. Kisha amua kama ni tendo la hasira au la hesabu. Anayerusha ngumi kwa kutukanwa na anayempiga mtu ili amwibie hawaelezwi na nadharia moja.

Hatua ya 2: Rudi kwenye utafiti wenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Chukua jaribio la mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake la mwaka 1961, lililofanyika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watoto 72 ili kuona kama wataiga uchokozi wa mtu mzima. Mara nyingi nasoma kwamba watoto hao walitazama filamu ya mtu akimpiga mwanasesere. Sivyo. Walimwona mtu mzima ana kwa ana. Filamu iliingia kwenye jaribio la 1963. Halafu kuna jambo ambalo muhtasari mwingi huliacha: kabla ya kupimwa, watoto waliudhiwa kwa makusudi, wakaonyeshwa vichezeo vizuri kisha wakazuiwa kuvichezea. Jaribio linalosifiwa kuwa ushahidi wa kuiga lina kero ndani yake. Usiposoma mbinu zilizotumika, hutaliona hilo.

Hatua ya 3: Fuata marekebisho

Mwaka 1939 John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walidai kuwa kila uchokozi hutokana na mtu kuzuiwa kufikia lengo lake. Miaka miwili baadaye Neal Miller, mmoja wao, alilegeza dai hilo: kuzuiwa kunaweza kuleta mambo mengine pia. Mwaka 1989 Leonard Berkowitz akasema kinachochochea ni hisia mbaya inayotokana na kuzuiwa huko. Ukinukuu dai la 1939 peke yake, unapigana na hoja ambayo wenyewe waliiacha zamani.

Hatua ya 4: Tafuta kinachoipinga

Watu hushauriwa wapige mto ili hasira iwatoke. Brad Bushman alipolijaribu wazo hilo mwaka 2002, waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walikuwa na hasira kuliko ambao hawakufanya lolote. Kila nadharia unayoipenda itafutie jaribio kama hilo.

Hatua ya 5: Panga kwa ngazi

Ripoti ile ya Shirika la Afya Duniani ina ngazi nne: mtu binafsi, mahusiano ya karibu, jumuiya anamoishi, na jamii pana. Weka kila nadharia kwenye ngazi yake, kisha angalia zinapokutana. Utafiti wa Avshalom Caspi na wenzake wa 2002, uliofanyika Dunedin, New Zealand, uliunganisha jeni na mateso ya utotoni katika kueleza ukatili wa ukubwani. Tafiti za baadaye hazikukubaliana nao zote, na hilo pia uliandike.

Hatua ya 6: Pima vitenzi vyako

Cathy Widom alionyesha mwaka 1989 kwamba kuteswa utotoni huongeza uwezekano wa kuja kukamatwa kwa makosa ya ukatili, lakini wengi wa walioteswa hawakukamatwa kwa makosa hayo. Basi pitia rasimu yako, na kila ulipoandika “husababisha” jiulize kama ushahidi unakuruhusu kusema zaidi ya “huongeza hatari”. Miongoni mwa watakaokusoma wamo waliopigwa utotoni ambao hawajawahi kumwinulia mtu mkono.