Mkojo wa paka na Jik havikai pamoja: jinsi ya kusafisha bila kujidhuru

Juzi usiku jirani yangu hapa Manyatta, Kisumu, alinigongea mlango akikohoa, macho yamejaa machozi. Paka wake amezoea kukojoa kwenye kona ya bafu. Yeye alikuwa amemwaga Jik palepale juu ya mkojo, bila kuitia maji, na mlango ameufunga ili watoto wasiingie. "Dada, kifua kinawaka," akasema. Nimesafisha nyumba za watu kwa miaka tisa, na mwanzoni nami nilikuwa nikifanya vivyo hivyo, kwa hivyo sikuwa na haja ya kumuuliza mengi. Kesho yake nilimwonyesha hivi.

1. Fungua dirisha na mlango. Watoto na paka watoke.

2. Vaa glavu, zoa kinyesi, nyonya mkojo kwa gazeti. Tupa nje.

3. Osha mkojo wote kwa maji na sabuni kabla hujagusa Jik.

Hapa ndipo watu huumia. Mkojo una urea, na ukikaa bakteria huigeuza kuwa amonia, ile harufu inayokupiga puani asubuhi ukifungua bafu. Wa paka ni mkali zaidi kwa sababu figo zake hubana maji sana. Jik nayo ina hipokloraiti ya sodiamu. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi za kloramini, na hizo ndizo zilizomchoma jirani. Wengi hudhani harufu ikizidi kuwa kali ndivyo dawa inavyofanya kazi, basi wanaongeza. Usiongeze! Hiyo harufu ni ya gesi, toka nje.

Tumia maji ya kawaida, si ya moto. Sugua kwa brashi ngumu yenye mpini mrefu. Mopu siipendi hata kidogo kwa kazi hii, inausambaza mkojo tu na kuubeba hadi sebuleni. Bafu la jirani ni la simenti tupu, na simenti hunywa mkojo. Tulimwaga, tukasugua, tukainama kunusa, bado. Mara ya nne ndipo harufu ikaisha. Usisahau tundu la maji machafu: mkojo hutuama pale chini, kwa hivyo mwaga ndoo nzima ya maji humo. Kama paka anatumia beseni la mchanga, mwaga mchanga wote, osha beseni kwa sabuni, lianike juani. Mimi beseni silitii Jik kabisa.

Mara nyingi ukifika hapa kazi imeisha. Sakafu iliyooshwa vizuri haihitaji kingine.

4. Hakikisha unajua kilichomo chupani.

Huku kwetu tunanunua dawa ya kupima, na muuzaji anakutilia kwenye chupa ya soda. Chupa tatu zinafanana: moja Jik, moja sabuni ya maji, moja dawa ya choo yenye asidi. Jik ikichanganyika na asidi, iwe dawa ya choo, siki au limau, hutoa gesi ya klorini. Ni gesi ileile iliyotumiwa vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, hivyo mtoto anayetambaa na paka huivuta kabla yako. Spiriti pia isikutane na Jik. Andika jina kwenye kila chupa kwa kalamu isiyofutika, na siku moja tumia dawa moja tu.

5. Jik itumie penye sababu. Kwa mfano mtoto wa mbwa akiugua parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara. Jik ya asilimia 3.5: kipimo kimoja kwa maji vipimo 20, sakafu ikiwa imeshaoshwa, kwa sababu uchafu huiua nguvu. Iache dakika 10, suuza, ikauke ndipo mnyama arudi. Ichanganye na maji siku hiyohiyo unayoitumia.

6. Dettol weka mbali na paka. Ina kemikali ya aina ya fenoli, na ini la paka haliwezi kuiondoa vizuri mwilini, naye hulamba nyayo zake kutwa.

Ukiwa umeshavuta hiyo gesi: toka, vuta hewa safi, na usirudi kuchukua ndoo wala kumwaga kitu kingine eti kuipoza. Macho yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15. Ukihema kwa shida, kifua kikibana au kikohozi kikikataa kutulia, nenda hospitali usiku huohuo, maana mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, wakati unadhani umeshapona. Ukifika mwambie daktari majina ya vitu ulivyochanganya.