Kutengeneza mshikio wa upinde ulioingia ufa

Vua ugwe, yaani kamba ya upinde, kwanza, kisha uangalie ufa unaelekea wapi. Ufa ukifuata nyuzi za mti na kubaki ndani ya mshikio, unatibika. Ufa ukizikata nyuzi kwa kukingama, mimi upinde huo siugusi: utavunjika mtu akiwa ameuvuta, mbele ya uso wake.

Ondoa ngozi na vumbi. Mimi hutumia epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, inayokauka polepole, maana ile ya dakika 5 huganda kabla haijafika chini. Pasha ufa joto kidogo, gundi iteremke. Bana kwa kiasi. Ukikaza mno utaikamua yote nje. Iache saa 24, kisha zungushia uzi wa kitani uliopakwa gundi, mizunguko ikigusana. Ikikauka, anza kuvuta nusu tu, ukisikiliza kama kuna mlio.