Jinsi ya kukabidhiana shifti wodini bila mgonjwa kusahaulika katikati

Manesi wenzangu wa Mombasa, kuanzia pale Makadara mpaka hizi hospitali ndogo za Likoni na Kisauni, leo nataka tuzungumzie kukabidhiana shifti tu, manake hapo ndo mengi yaharibika. Wa usiku amechoka ataka kuwahi feri, wa asubuhi ndo kwanza aweka mkoba chini, basi ripoti yatolewa mezani mbio mbio, kitanda cha 4 yuko sawa, cha 5 yuko sawa, kwisha. Sawa vipi?

Kwanza tokeni hapo mezani. Nendeni kitandani nyote wawili na faili, msalimieni mgonjwa, mwambie "mama mimi naenda nyumbani, huyu dadangu ndo atakuwa nawe mpaka jioni", wallahi maneno hayo machache yamtuliza mtu sana. Halafu toa ripoti kwa mpangilio, alikuja na nini, hali yake saa hii ikoje, wewe waonaje, na nini kimebaki kufanywa. Mkiwa hapo hapo angalieni kwa macho yenu, dripu yaingia ama mkono umevimba, mfuko wa mkojo una kiasi gani, dawa ya saa 12 asubuhi imetiwa sahihi kwenye chati ama bado.

Asiyeweza kujigeuza, uliza amegeuzwa saa ngapi na yuwalalia ubavu gani, manake ni kila baada ya masaa 2 hivi. Angalia visigino na pale juu ya makalio. Na ngozi zetu nyeusi usingoje kuona wekundu, gusa, ukihisi pamoto ama pagumu kuliko pembeni yake basi kidonda cha kulalia chaanza hicho.

Kisha mwulize mwenyewe, "kuna kitu hatujataja?" na unyamaze usikize. Mwezi wa Ramadhani hapa kwetu hili ni muhimu mno, mama ana sukari, amefunga kimya kimya, hasemi kwa sababu aogopa kukemewa, nanyi mwamdunga insulini kama kawaida, sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L aanza kutetemeka, jasho, maneno hayaeleweki. Ulizeni kwa upole kabla ya sindano, na akiwa amefunga daktari aambiwe kabla ya dozi. Dini yenyewe yampa mgonjwa ruhusa ya kula, lakini hilo aelezwe kwa heshima, si kwa ukali.

Mambo ya siri kama HIV msiyaseme kitandani jirani akisikia, hayo ni ya ofisini.

Msiwaache nje wanafunzi wala watu wa usafi, mara nyingi wao ndo huona sahani ya uji imerudi vile vile. Na wakubwa tafadhali, nesi mdogo akisema "sista mimi yule mzee simuelewi leo", nenda kamwone, usimkaripie, ukimkaripia leo kesho atanyamaza. Daktari akitoa dozi kwa simu irudie neno kwa neno kabla hajakata.

Mkiwa wawili na wodi imejaa anzeni na walio hali mbaya, waliotoka tieta (chumba cha upasuaji), na waliolazwa usiku huo, wengine mpite haraka. Na wa usiku asiondoke mpaka mwenzake aseme nimepokea.