Miche ya bluberi: zuia fitoftora kabla haijaingia kitaluni

Kinachomaliza miche mingi ya bluberi kitaluni ni fitoftora, kimelea kinachoozesha mizizi. Vijimbegu vyake huogelea, hivyo trei zilizowekwa chini huambukizana kila maji yanapotuama. Weka trei juu ya meza ya wavu, chini tandaza kokoto. Mpira wa kumwagilia utundike; ncha yake ikigusa tope, unasambaza ugonjwa trei hadi trei.

Vyungu vilivyotumika visugue kwanza hadi udongo wote utoke, ndipo uviloweke dakika 30 kwenye jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Ukiruka kusugua, udongo hula nguvu ya klorini na vimelea vinabaki hai.

Mkasi upanguse kwa spiriti ya asilimia 70 kila unapohamia mti mama mwingine, yaani mti unaokatwa vipandikizi. Mti wenye pete nyekundu kwenye majani usiukate vipandikizi kabisa: huenda ni virusi, na havina dawa.

Dawa za ukungu usizitegemee. Nyingi hukilaza tu kimelea bila kukiua. Mche unauzwa ukiwa kijani, kisha unanyauka shambani kwa mkulima, na udongo wake umeshaambukizwa.