PS4 yako inanguruma kama boti ya Mokowe? Ifungue mwenyewe, hatua kwa hatua

Haya ndugu zangu, nimeona niandike hii mara moja maana kila wiki kuna kijana anabisha hodi kabeba PS4, ile mashine ya gemu, kwenye mfuko wa rambo, "bro inajizima", na mimi sina duka, nina meza tu sebuleni hapa Langoni na mke ameshachoka na skrubu zangu.

Nianze na hili, hapa Lamu mashine hizi haziuliwi na uzee, zinauliwa na chumvi na vumbi. Nyumba inatazama bahari, kaskazi ikivuma dirisha liko wazi, na feni ya PS4 kazi yake ni kuvuta hewa ya chumbani ipitie ndani, sasa hewa yetu unaijua ilivyo. Chumvi inanyonya unyevu, unyevu unashika vumbi, vumbi linakuwa kama blanketi juu ya hitisinki, kile chuma cha mapezi kinachotoa joto la prosesa. PS4 ya kwanza ilitoka 2013, waranti ya mwaka mmoja ilishakwisha zamani, kwahiyo ile stika ya nyuma isikutishe tena, hakuna wa kumdai.

Ninayoizungumzia ni ile nene ya mwanzo. Slim na Pro za 2016 wazo ni lilelile ila skrubu zinakaa kwengine. PS5 usiiguse kwa maelezo haya kabisa, prosesa yake imepakwa metali ya maji si pesti (ule ute wa kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki), ikimwagika kwenye bodi inapiga shoti na ndo kwaheri.

Kwanza jua ugonjwa

Usishike bisibisi kabla hujajua unatafuta nini. Feni inapiga kelele, baada ya nusu saa inakwambia ina joto sana afu inazima na taa nyekundu, hiyo ni joto na ndo tunayoitibu leo. Taa nyeupe imewaka vizuri ila tivii haina picha, angalia tundu la HDMI, la waya wa picha, kwa tochi, ukiona kijino kimepinda au kimeingia ndani ujue watoto walichomeka kwa nguvu, hiyo inataka mtu mwenye mashine ya hewa moto, we badilisha waya tu ujaribu halafu uache hapo. Taa ya buluu inapepesa kisha inazima, inaweza kuwa hadidiski, inaweza kuwa pawa saplai, inaweza kuwa prosesa yenyewe. Usafi huu hauiharibii ila pia usitarajie muujiza.

Vitu vya kuwa navyo

Bisibisi ya nyota T8 yenye tundu katikati, maana skrubu za nyuma zina kijiti kidogo cha kuzuia nyota ya kawaida. Bisibisi ndogo ya msalaba. Pesti ya prosesa, sirinji moja mia chache na inatosha mashine kadhaa. Aisopropili ya asilimia 99 kama utaipata Mombasa, ile spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji ndani, ukilazimika kuitumia basi acha ikauke siku nzima. Mswaki wa zamani, brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, na trei ya mayai. Trei ni muhimu kuliko unavyodhani, kila tundu skrubu za hatua moja, kwa mpangilio. Mara yangu ya kwanza nilizimwaga zote kwenye mkeka, akapita paka, na nyinyi mnajua paka wa mji huu hawaombi ruhusa, nikaja kuokota skrubu mbili kwenye ngazi siku ya tatu.

Kufungua

Toa kwanza CD kama imo, ndo uchomoe kila kitu, waya wa stima, HDMI, padi. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ikiwa imechomolewa. Kile kipande cha juu kinachong'aa kisukume kwa pembeni kitoke, hapo unaiona hadidiski, ina skrubu moja yenye alama za vitufe vya padi, itoe uvute diski nje uiweke mbali.

Igeuze chini juu, fika kwenye mgongo, bandua stika, skrubu nne za nyota. Nyingine zitakuwa zimeshika kutu, usizilazimishe, tia tone la mafuta ya cherehani, ngoja dakika kumi, zungusha kidogo mbele kidogo nyuma. Skrubu ikikatika kichwa umejitafutia kazi ya jioni nzima. Zikitoka, inua kava kuanzia nyuma.

Sasa unaona pawa saplai, lile boksi jeusi. Fungua skrubu zake (nyingine za nyota na nyingine za msalaba, ndefu na fupi, trei!), chomoa waya wake mdogo uliofika kwenye bodi, kisha uinue juu wima, usipindishe, maana imekaa juu ya pini zilizosimama. Na hapa naomba tuelewane kama watu wazima: hilo boksi lenyewe HATULIFUNGUI. Ndani kuna kapasita, kidude cha kuhifadhi umeme, inayoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata kama umechomoa kitambo. Piga brashi kwa nje kwenye matundu, basi.

Vumbi na chumvi

Chini ya pawa saplai ndo utaona mapezi ya hitisinki, na kama ni mashine ya hapa kwetu utaona kitu kama sufi ya mto imelala hapo. Ya jirani yangu niliitoa kipande kizima kama kitambaa. Toa kwa brashi na kibano, taratibu, ukielekeza nje usisukume ndani. Feni ishike kwa kidole isizunguke unapoipuliza, ikizungushwa kwa kasi inaharibu beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Na msiende karakana kupuliza kwa kompresa ya kule, ile inatema maji na mafuta pamoja na hewa, tunakimbia unyevu halafu tunaulipia?

Watu wengi wanaweza kuishia hapa. Wallahi mashine saba kati ya kumi nilizoshika zilipona kwa kutoa vumbi tu, kwahiyo kama mkono wako unatetemeka rudishia, jaribu, na kama kelele imekwisha achana na yanayofuata.

Pesti

Kama bado, twende ndani. Toa draivu ya CD, riboni zake (zile nyaya bapa) ni nyembamba, inua kifungio chake kwa ukucha kwanza ndo uvute, mimi moja niliirarua kwa haraka zangu na nikangoja wiki mbili nyingine ije kwa basi mpaka Mokowe halafu boti. Bodi ndogo ya hiyo draivu imeoana na bodi kubwa ya mashine yako, usije ukaazima draivu nzima ya PS4 nyingine ukashangaa haisomi.

Chomoa nyaya za antena na feni, toa skrubu za bati la juu. Kuna chuma kama herufi X kimebanwa na skrubu mbili, hizi legeza kwa zamu, nusu mzunguko huku nusu kule, ukifungua upande mmoja wote unakandamiza prosesa mshazari. Bati likitoka inua bodi polepole, pesti iliyokauka inaing'ang'ania, itikise kidogo usiing'oe kwa nguvu.

Pesti ya zamani utaikuta ngumu kama chaki. Ifute kwa kitambaa na aisopropili pande zote mbili, chipu na shaba ya hitisinki, mpaka ing'ae. Vile vipande laini kama raba vilivyo juu ya chipu za memori viache mahali pake, vikichanika nunua vya unene uleule, pesti haizibi nafasi ile. Ukiona ungaunga mweupe au kijani kwenye bodi, hiyo ndo bahari imeingia, lowesha mswaki na aisopropili usugue kwa upole, rudia mara mbili tatu. Ikiwa kijani kimekula mpaka njia ya shaba imekatika, hiyo ni ya mtu wa darubini na solda.

Pesti mpya tia kiasi cha punje ya mchele katikati, itandaze nyembamba kwa kadi ya simu ya zamani. Wengine wanapaka kama siagi kwenye mkate, haisaidii, nyingi inazuia joto na inamwagika pembeni.

Na ukiwa humo humo, kuna betri ya duara CR2032, ile ile ya kwenye bodi ya kompyuta, badilisha. Ni ya kutunza saa ya mashine, na kama programu yako ni ya kabla ya toleo 9.00 la Septemba 2021, betri ikifa na huna mtandao gemu zinaweza kukataa kufunguka.

Kurudishia

Rudi nyuma kwa mpangilio wa trei. Skrubu ya X tena kwa zamu. Usichanganye ndefu na fupi. Kabla ya kufunga kava la mwisho hakikisha hakuna riboni iliyobanwa na trei imebaki tupu, ikibaki skrubu moja fungua tena, usijidanganye kuwa "ilikuwa ya ziada".

Washa kwa kushikilia kitufe kama sekunde saba mpaka mlio wa pili, itaingia hali salama (Safe Mode), ambayo inataka padi ya waya. Chagua kujenga upya databesi (Rebuild Database), ni namba 5, haifuti gemu zako. Ikimaliza weka gemu nzito uiache saa nzima, wewe kaa karibu usikilize. Feni itapanda kidogo, hiyo sawa, hewa ya nyuma itoke moto kwa nguvu, hiyo ndo tunayoitaka. Ikitoka vuguvugu na feni inalia, pesti haikukaa, fungua tena.

Halafu itoe kwenye kabati la kioo, na isikae sakafuni wala mbele ya dirisha la baharini. Ukimaliza kucheza, ikipoa, ifunike kanga. Ikipoa nimesema, si ikiwa imewaka, kuna mmoja aliifunika inacheza ili isiingie vumbi na akaniletea tena Ijumaa iliyofuata.