Somo: Kufufua MGB na kuiandaa kwa rali za magari ya zamani

MGB, gari dogo la michezo la kampuni ya MG, ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na spea zake mpya bado zinapatikana, hata bodi tupu nzima. Wengi hukimbilia injini kwanza kwa kuwa ndiyo inayopiga kelele. Anza na bodi. Gari hili halina chasisi ya peke yake. Nguvu zake, hasa lile lisilo na paa, zimo kwenye maboksi ya bati yaliyo chini ya milango.

1. Bodi
Liweke gari juu ya stendi karibu na ekseli zote mbili, usilinyanyue kwa jeki katikati. Funga mlango utazame pengo la nyuma yake: likiwa jembamba juu na pana chini, bodi imeshalegea katikati. Kabla ya kukata chochote, chomelea bomba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa. Kata upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili.

Ndani ya boksi kuna bati la nje, bamba la kati lililosimama na bati la ndani, na chini yake reli inayoshika sakafu. Fundi wa kuficha kutu hupachika bati jipya la nje juu ya lililooza. Likipigwa rangi linapendeza, lakini bamba la kati limekwisha na gari linajikunja kwenye mashimo. Tumia bati la milimita 1.2, chomelea nukta kila sentimita 3 hivi, rudishia mlango upime pengo, ndipo uendelee. Keji ya mabomba, ile inayowakinga waliomo gari likipinduka, ifungwe kabla ya rangi. Mwisho puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya maboksi.

2. Injini
Ni ya cc 1798. Za mwanzo zina beringi kuu 3 za krenki. Kuanzia mwishoni mwa 1964 zina 5, na hizo ndizo za kutafuta. Kwa petroli isiyo na risasi, weka viti vigumu vya valvu za ekzosi. Nati za hedi zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi Nm 61–68. Nafasi ya valvu ni milimita 0.38, injini ikiwa baridi. Kanuni ni ya tisa, yaani namba za valvu mbili zijumlike kuwa tisa: valvu ya 1 ikiwa wazi kabisa, pima ya 8, ya 3 ikiwa wazi, pima ya 6.

3. Kabureta mbili za SU
Usiziguse kabla valvu na moto wa plagi havijakaa sawa. Injini ikiwa moto, weka mpira mwembamba sikioni, sikiliza mlio wa hewa kwenye kila mdomo, usawazishe. Kisha inua pistoni ya kabureta moja kwa takriban milimita 1. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mchanganyiko una petroli nyingi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni kidogo. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefika. Rudia ya pili, halafu rudi ya kwanza, maana zinavutana.

4. Petroli na umeme
Pampu ya SU iko nyuma, chini, inakula matope. Pointi zake zikichafuka gari linazima ghafla. Beba ya akiba. Betri mbili za volti 6 nyuma ya viti zibadilishe kwa moja ya volti 12, uifunge kwa chuma, si kwa kamba.

5. Msoma ramani
Katika rali za kulinda mwendo wastani kwenye barabara za Uingereza, wastani hauzidi maili 30 kwa saa. Anayeshinda ni mwenye kipimo sahihi. Pima kifaa cha umbali kwenye maili iliyopimwa, tairi zikiwa zimepata moto. Ukibadili saizi ya tairi, pima upya.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu ni ya 1965, chanya ndiyo iko kwenye bodi. Naweza kugeuza?*
Unaweza. Geuza nyaya za betri na za koili, kisha kabla ya kuwasha gusisha kwa sekunde moja waya wenye moto wa betri kwenye kituo cha waya chenye herufi F cha dainamo, nyaya zake zikiwa zimechomolewa. Saa ya mzunguko wa injini haitafanya kazi hadi igeuzwe ndani, na redio ya zamani itaungua.

*Gurudumu la spoki linalegea kila nikikaza.*
Angalia nyuzi za nati. Nati ya upande wa kushoto wa gari hukazwa kwa kuzungusha kulia, ya upande wa kulia kwa kuzungusha kushoto. Aliyefungua ekseli huenda alibadilisha habu pande, na hapo gurudumu linajifungua lenyewe likitembea. Ukisikia "tak" unapotoka mbele kwenda rivasi, meno ya habu yameisha: badili habu na rimu pamoja. Kwa rali mimi ningeweka rimu za chuma.

*Niko Nakuru, barabara zetu ni vumbi. Niongeze nini?*
Bamba la kukinga sampu (beseni la oili chini ya injini), filta za hewa za sponji zilizolowekwa oili, na bomba la petroli lipite ndani ya gari. Ekzosi ipandishwe, ndiyo inayogonga mawe kwanza.

*Naweza kuweka gia boksi ya kisasa ya gia 5?*
Kwa matembezi, sawa. Kwa mashindano ya kimataifa gari linahitaji pasi ya kiufundi ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, na kilichofungwa lazima kilingane na enzi yake. Tafuta gia boksi yenye ovadraivu, kifaa cha kupunguza mzunguko wa injini kwenye mwendo kasi.