Mwenzako akizimia ama akishikwa na kifafa shuleni, fanya hivi

Wanangu, hii nawaandikia nyinyi wanafunzi, si walimu. Walimu wana semina zao, lakini mtu akianguka katikati ya somo la hesabu ama usiku kwa bweni, wa kwanza kumfikia ni yule wa dawati moja naye. Binti yangu ana kifafa, ako fomu tatu shule ya bweni huku upande wa Kisumu, na nimeona venye darasa linalojua la kufanya linamsaidia, na venye darasa lisilojua linamuumiza bila kutaka. Kwa hivyo naandika yote nilielezwa kliniki na mengine nimeona kwa macho yangu. Soma ata kama darasa lenu halina mgonjwa, juu hakuna anayejua nani ataanguka kesho.

Kuzimia na kifafa si kitu kimoja, na ukijua tofauti hutababaika.

Mwenye anataka kuzimia mara nyingi utamuona mapema. Ni paredi ya Jumatatu, jua la Kisumu tayari limewaka, hotuba haishi, mwingine hakunywa chai asubuhi, mwingine ako na homa, mwingine ako kwa siku zake na damu inatoka nyingi. Midomo inapauka, jasho baridi linatoka, anasema anaona giza ama masikio yanalia ngiii. Hapo usingoje aanguke. Mkalishe chini ama mlaze, kiranja akitaka kuandika jina aandike yako pia. Mtu akijikaza kusimama ndio anaanguka na kichwa kwa simiti. Kinachotokea ni damu kupungua kichwani kwa muda, kwa hivyo unamlaza chali, unainua miguu juu ya begi ama stuli, kama futi moja hivi, unalegeza tai na kola na mshipi, na mnampa nafasi apate hewa. Wengi wanaamka ndani ya dakika moja na wanajua wako wapi. Usimuinue haraka, alale kidogo, akae, ndio asimame polepole, na maji ama kitu cha sukari apewe tu akiwa ameamka kabisa na anameza mwenyewe. Mambo ya kumwagia mtu ndoo ya maji na kumchapa makofi achaneni nayo. Na akitikisika sekunde chache akiwa amezimia usitangaze ati ana kifafa, mwili unaweza kufanya hivyo juu ya damu kupungua kichwani tu.

Lakini kuna kuzimia kwa kuogopwa. Mtu akianguka akiwa anakimbia uwanjani, ama alilalamika kifua kabla, huyo lazima daktari amwone siku hio hio ata kama ameamka na anacheka, juu inaweza kuwa ni moyo. Mwenye sukari, yaani kisukari, akianza kutetemeka na kuongea mambo haieleweki na bado anaweza kumeza, mpe soda ama glukosi mara moja, na isiwe soda ya bila sukari. Kama mtu ameanguka na dakika imepita haamki, mlaze kwa ubavu, ita mtu mzima. Angalia kifua kwa sekunde 10: kinapanda na kushuka? Kama hapumui, ama anavuta pumzi moja moja kwa shida kama anakoroma, mgeuze alale chali, weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, bonyeza kwa nguvu kifua kizame sentimita 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue ama msaada ufike, na mkichoka mpokezane.

Sasa kifafa. Kinaweza kuanza kwa mlio wa ghafla, mwili unakakamaa, anaanguka, halafu mikono na miguu inaanza kurukaruka. Macho yanaweza kugeuka juu, mate yanatoka na povu, saa zingine na damu kidogo juu ameuma ulimi, na anaweza kujikojolea. Ukiona mara ya kwanza utaogopa, hio ni kawaida, lakini elewa jambo moja: hakuna kitu utafanya kwa mikono yako kitasimamisha kifafa kikishaanza. Kwa wengi kinaisha chenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Kazi yako ni asijigonge, na uhesabu dakika.

Siku moja ya wazazi kutembelea tulikuwa tumekaa chini ya mti na chapati zetu, binti yangu akashikwa. Mimi mamake nilibaki nimesimama na sahani mkononi, yule rafiki yake wa dawati, msichana mdogo tu wa kutoka Kakamega, akavua saa ya mkononi akaiweka kwa nyasi mbele yake ndio kila mtu aone dakika. Akakunja sweta akaliweka chini ya kichwa, akatoa miwani ya binti yangu, akasukuma kando chupa ya chai ya moto. Leso yangu akaitupia kwa sketi afunike mapaja. Halafu akaita watu wawili kwa majina, wewe nenda kwa matroni, wewe nenda kwa mwalimu wa zamu, na wengine wote akawaambia wageuke waangalie geti. Hakuna mahali alimshika kwa nguvu. Mikono iliponyamaza akamgeuza kwa ubavu, mate yakatoka nje yenyewe, akakaa hapo.

Kuita watu kwa majina ni jambo kubwa, usilichukulie rahisi. Ukipiga kelele "mtu aende aite mwalimu" watakimbia wote ama asikimbie ata mmoja. Na juu wanafunzi hamna simu, usiku msisahau soja wa geti, yeye ako macho, ako na simu na funguo. Mtu mzima anaweza kupiga 999 ama 112.

Yale hamtakiwi kufanya mnayajua juu mmeona yakifanywa. Msiweke kijiko mdomoni, wala kalamu, wala kidole, mtu hawezi kumeza ulimi wake, lakini anaweza kuvunjika jino likaingia kwa koo, na kidole chako atakiuma bila kujua. Msimkalie miguu wala kumshika mikono isirukeruke, mnaweza kumtegua bega. Msimnusishe kiatu, soksi, kitunguu wala mafuta ya taa. Maji, soda, dawa ya kumeza, hakuna kinachopita mdomoni mpaka aamke kabisa. Na ndugu zangu wa CU, yaani Christian Union, kikundi cha maombi cha shule, nami ni mtu wa kuomba, lakini ombeni kwa sauti ya chini mkiwa kando, msimzunguke mkikemea pepo juu ya kichwa chake. Anaamka anakuta watu arobaini wanampigia kelele ati toka, na yeye hajui ata amefika aje sakafuni.

Dakika 5 zikifika na bado anatupwa, hio ni dharura, gari litafutwe saa hio hio. Vile vile kikiisha na kingine kianze kabla hajaamka, ama kama ni mara yake ya kwanza maishani, ama kimemshika ndani ya maji, ama ameumia kichwa, ama ni mjamzito, ama ana kisukari, ama kimeisha na kupumua kunasumbua. Akiwa na homa pia asingoje kesho, huku kwetu karibu na ziwa malaria ni nyingi na ikipanda kwa ubongo inaleta degedege. Wengine wakishatulia wanachukua boda na kumkalisha katikati ya watu wawili. Kama kuna gari ama probox ya jirani tumieni hio, alale kwa ubavu, juu mtu hajielewi akiketishwa kichwa kinaanguka mbele na njia ya hewa inajifunga.

Kuna kifafa ingine hakina kuanguka, na hii inafanya watoto wachapwe bure. Unaongea na mtu, ghafla anakodoa macho mahali pamoja, kope zinapepesa, sekunde kama 10, halafu anaendelea kama hakuna kitu, sentensi ya mwalimu imempita na hajui. Inaweza kuja mara nyingi kwa siku. Mwingine anatafunatafuna, anavutavuta vifungo vya shati, ama anasimama na kutembea kuelekea mlango bila kusikia akiitwa. Usimvute, tembea naye pole pole umtoe kwa ngazi na kwa moto, na baadaye umwambie mwalimu ukweli, kwamba huyu hakuwa akidharau.

Baada ya kifafa ndio wengi wanaondoka, na hapo ndio nawaomba mkae. Mtu akiamka hajui ni siku gani, kichwa kinamuuma, misuli inauma kama alibeba mawe, anataka kulala, mwingine anakuwa mkali akiguswa. Mtu mmoja tu aongee naye kwa sauti ya kawaida, aseme maneno mafupi: uko darasani, ni Jumanne, ulishikwa, imeisha, niko hapa. Rudia, juu atauliza tena. Kama nguo imelowa mfunge sweta kiunoni kabla darasa lijue, mmoja amletee sketi ingine. Binti yangu aliniambia kutupwa si kitu kwake, hakumbuki, anachokumbuka ni mtu akicheka. Akirudi darasani mpe noti za kile kipindi alikosa, ongea naye mambo ya mpira ama mtihani kama siku zingine zote, na usimsimulie mtu wa darasa lingine.

Povu haliambukizi, mshike, mle sahani moja. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na mpaka 70% yao wanaweza kukaa bila kushikwa wakipata dawa vizuri. Hii si kurogwa. Inatoka kwa kuumia kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, ata mayai ya tegu wa nguruwe yakiingia mwilini kwa mboga ama mikono haijaoshwa, hio ya tegu watafiti wameichunguza sana huko Busia, na kwa wengi sababu haionekani kabisa.

Kila siku unaweza kumsaidia kwa vitu vidogo. Dawa yake ina saa, na kuruka dozi ni kati ya vitu vinaleta kifafa haraka zaidi, kwa hivyo muulize tu, umemeza? Kukosa usingizi nako kunaleta, kwa hivyo usimuamshe saa tisa usiku ati mkasome. Alale kitanda cha chini kwa dabo deka. Kwa maabara asikae karibu na moto peke yake, na trip ikienda ziwani asiingie kwa maji bila mtu mzima anayejua kuogelea na anayejua hali yake.

Mwisho wa yote chukua karatasi uandike kabla usahau: alikuwa anafanya nini, kilianza upande gani wa mwili, kichwa kiligeuka wapi, kilichukua dakika ngapi kwa saa, aliamka baada ya muda gani, alikuwa amekula na kumeza dawa ama la. Daktari wa Rasia, yaani hospitali ya Jaramogi pale Kisumu, anaanza na maswali hayo hayo, na mgonjwa hawezi kujibu ata moja juu yeye hakuwepo. Mpe matroni karatasi moja, na nyingine weka kwa kitabu cha mwenzako, tutaisoma siku ya kliniki.